Gogo la Mtoni na Kamba ya Sekela

Nyie vijana mtakaosoma haya, ambao magoti yenu bado hayajaanza kuwasemesha, kaeni vizuri. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya kupamba humu. Nitaanza na harufu. Chungu kinapotolewa motoni kina harufu yake: kama ardhi inayopokea mvua ya kwanza, ila hii ina ukali wa moshi wa majani makavu, inaingia kwenye nywele na haitoki hata ukioga ziwani kwa sabuni ya kipande. Nimekua ndani ya harufu hiyo. Mwaka huu niliinusa tena mahali ambapo sikuitegemea, kwenye uwanja wa tamasha la sanaa hapa Matema, maana akina mama walikuwa wamepanga vyungu vyao vya kuuza karibu kabisa na pale watoto walipokuwa wanafundishwa sarakasi. Nilikuwa nimekwenda kumtoa mjukuu wangu kwenye upuuzi. Harufu ile ikanirudisha nyuma.

Kwetu, ukikaa upande ule ambako mlima unaingia moja kwa moja ziwani, hapakuwa na mahali pa kulima mpunga. Tulikuwa na udongo wa kufinyangia, mihogo kidogo na samaki. Mpunga ulikuwa kwa wenzetu wa bondeni, Ipinda na kwingineko. Mama zetu walifinyanga, wakachoma, wakajitwisha vyungu kwenda kubadilishana. Bei ya chungu ilikuwa tumbo lake. Mwenye mchele anakijaza mpaka mdomoni, anamimina kwenye kapu lako, chungu kinabaki kwake. Ndiyo maana chungu kikivunjika njiani hatukusema udongo umevunjika, tulisema chakula kimemwagika. Mtoto wa kike alianza kujifunza kubeba kwa chungu kilichopata ufa motoni, kisicho na faida tena. Unawekewa ngata ya majani makavu ya mgomba kichwani, chungu juu yake, unaambiwa tembea. Sharti lilikuwa moja: usikishike. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, mwanamke mfupi mwenye shingo kama kinu, alikuwa anatuambia, "Mkono ukipanda, chungu kinashuka." Ukiinua mkono tu, anakupiga kofi kwenye kiwiko, kisha anakuwekea ngata upya na unaanza tena.

Masika moja mvua ilipiga hadi tukasahau rangi ya jua. Mto ulio kati yetu na Ipinda ukabeba daraja la miti, ukaenda nalo ziwani. Wanaume wakaangusha mti mkubwa, wakaulaza kutoka ukingo hadi ukingo, na hilo gogo ndilo likawa njia. Ziwa nalo lilikuwa limechafuka, mitumbwi haitoki, usipa, wale dagaa wetu, hakuna. Tulikula ndizi za kuchemsha asubuhi, tukala ndizi za kuchemsha jioni, na mdogo wangu wa kunyonya alikuwa analia kwa sababu mama alikuwa anakaukiwa maziwa. Ilibidi vyungu vivuke. Na kwa kuwa vichwa vya watu wazima havikutosha, nami nikawekewa kimoja, chungu kizima, cha kwanza maishani mwangu.

Tulipofika kwenye gogo, mama alitangulia, mimi nikafuata. Lilikuwa na utelezi kama mgongo wa kambare. Sikuwa nimeteleza, hilo nitalisema hadi kaburini. Nilisimama tu kidogo katikati nipate pumzi. Mama akahisi kwamba nimesimama, akageuka, akanyoosha mkono akanishika kiganja. Ni upendo tu, mama yeyote angefanya hivyo. Lakini mkono wake ulinivuta upande mmoja, na mimi nikamvuta upande wa pili, na vyungu vyote viwili vikatangulia majini kabla yetu. Walituopoa kwenye matete. Tulirudi nyumbani tukinuka tope, na usiku ule mama aliweka ndizi mezani bila kumtazama mtu. Kesho yake akatangaza kwamba mimi sivuki tena. Nibaki kuchimba udongo.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini mimi nilikuwa nimeanguka bila kuteleza, na jambo hilo lilinikera kuliko njaa. Ufukweni palikuwa na mtumbwi wa zamani uliopinduliwa, tumbo juu. Kila nilipomaliza udongo wangu nilipanda juu ya mtumbwi ule na chungu chenye ufa kichwani, nikaenda na kurudi. Upepo wa ziwa unaingia mdomoni mwa chungu na kulia kama mtu anayepuliza chupa. Watoto wa kiume walikuja kuniangalia wakaniita mke wa gogo. Mmoja akaniuliza harusi lini. Nikamjibu mahari bado haijatimia, nikaendelea kutembea. Nilianguka mpaka paja lote likavilia damu. Mama mkubwa alipita siku moja na udongo wake, akasimama, akaangalia, akaenda zake. Safari iliyofuata alinikabidhi chungu kizima mbele ya mama, na mama akakubali, maana yule alikuwa mkubwa wake.

Kwenye gogo mama mkubwa alivuka kwanza, akatua mzigo, akageuka akawaambia wanawake wote waliokuwa kwenye kingo zote mbili, "Asimshike mtu. Akianguka tutamtoa majini, lakini asimshike mtu." Nikamwona mama yangu pembeni akichukua pindo la khanga yake na kujifunga viganja vyote viwili, kama anayemfunga mbuzi, ili visimponyoke. Kisha sikumtazama tena. Nilitazama tope la ukingo wa pili. Maji yalikuwa yananguruma chini hadi gogo linatetemeka kwenye nyayo zangu, na miguu ikanielewa. Nikalikanyaga tope lile, chungu kikiwa bado kichwani. Siku ile chungu changu kilijazwa mchele Ipinda hadi mdomoni. Tuliporudi, mlangoni mama aliniambia taratibu, "Ndaga, mwanangu." Ahsante. Mama yangu hakuwa mtu wa kumwambia mtoto ahsante.

Sasa turudi kwenye tamasha. Mjukuu wangu Sekela alikuwa anatoroka kila mchana kwenda huko, na kakao iko kwenye mikeka inasubiri kugeuzwa. Nikachukua fimbo yangu nikaenda. Nikakuta watoto wamejaa mchangani: wengine wanarusha mipira mitatu na kuidaka, wengine wamepanda juu ya mironjo, ile miguu mirefu ya mti, wanatembea kama korongo. Mwalimu wao alikuwa binti wa mjini mwenye suruali ya mazoezi. Alinipa shikamoo kwa magoti, kwa hiyo suruali nikaisamehe. Sekela alikuwa kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno changu. Na mkwe wangu, mama Sekela, alikuwa anakimbia pembeni yake, amemshika mkono. Mtoto anaegemea mkono, kamba inakwenda kule, yeye anakuja huku, chini. Anapanda, anashikwa, chini. Wenzake wanacheka kwamba Sekela amebeba mama yake kama pochi.

Binti yule akaja akasema kwa adabu, "Mama, naomba umwachie. Akikushika wewe, miguu yake inasahau kazi."

Nilisimama na fimbo yangu mchangani. Maneno yale niliwahi kuyasikia kabla mama yake binti yule hajazaliwa, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuona kamba ya sarakasi. Sekela aliponiona akaogopa, akasema, "Bibi nakuja, ngoja nijaribu mara moja tu." Nikamwambia kakao yangu haingoji. Lakini nikakaa. Alifika katikati peke yake. Kisha mama yake akashindwa kuvumilia, akaruka akamdaka, wakaanguka wote, na mtoto akachubuka kidevu.

Jioni, wakati wa kula, mwanangu Ambakisye aliona kile kidevu akasema basi, imetosha. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya watoto kuonyesha walichojifunza mbele ya watu wote. Sekela ataimba na wanaoimba, kamba waachiwe wengine. Mama Sekela akaitikia. Sekela hakulia. Aliangalia sahani yake kama nilivyoangalia ndizi zile.

Siku hizi mto una daraja la zege. Vyungu vinapakiwa kwenye bodaboda vikiwa vimefungwa nyasi, na hakuna mtoto anayevusha chakula cha nyumba juu ya gogo. Mtu asije akawasifia gogo lile. Lilikuwa shida, na nashukuru limeoza. Ila wajukuu zangu sasa wanashikwa hata kwenye njia kavu, na wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sekela ametafuta gogo lake mwenyewe, tena la mchezo, na mchanga laini chini. Nani amnyime?

Nikaweka tonge chini, nikasema:

"Ambakisye, kakao kesho utageuza wewe. Mama Sekela, utakaa mbele kabisa, na khanga yako utajifungia mikono. Sekela atapanda kamba. Na asimshike mtu."