Taa za Sudi na Harusi Isiyo na Sauti

Mwezi uliopita, binti anayejifunza kushona dukani kwangu hapa Muhima, Kigali, alikuwa anapaka kucha zake rangi badala ya kupiga pindo nililompa. Nilimkaripia, na mimi nikikaripia nakaripia kweli. Akashtuka, kichupa kikamponyoka, rangi ikamwagikia balbu ya cherehani iliyokuwa imewaka tangu asubuhi. Ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya kukereketa koo, tamu kidogo, mbaya kidogo. Binti akaanza kuniomba radhi. Wala sikumsikia. Niliketi nikalia mbele ya wateja, na mimi si mtu wa kulialia, waulizeni wanaonijua.

Harufu ile ni ya kaka yangu Sudi. Sikilizeni niwaambie, maana nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa na miaka tisa, na tulikaa Muhima hii hii, nyuma ya maduka, kwenye mteremko wa kushukia Nyabugogo. Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yetu alikuwa mchuuzi wa vitambaa aliyetoka Ujiji akaoa hapa, ndiyo maana nyumbani kwetu tulikula kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Kinyarwanda kilikuwa cha nje na cha siri. Dada yetu mkubwa, Zubeda, alikuwa ameposwa na dereva wa lori wa Kabuga. Aliyemfuata Zubeda ni Sudi, na Sudi alikuwa na ugonjwa mmoja: chochote chenye waya lazima akifungue aone ndani. Redio ya kaseti ya Baba aliifungua mara nyingi hata ikawa haikubali kufungika, tukawa tunaikaza kwa mpira wa baiskeli.

Sudi aliapa kwamba harusi ya dada yake itakuwa na taa za kucheza. Alikuwa amesikia kwamba kwenye kumbi za wakubwa kuna taa zinazofuata muziki. Yeye alikuwa na ubao wa kasha la chai, balbu za tochi na kichwa kigumu. Akanieleza kwamba waya zinazopeleka sauti kwenye spika zinapeleka umeme, na umeme huohuo ukipita kwenye balbu ndogo, ngoma ikilia balbu inawaka, ngoma ikinyamaza inazima. Nilimwambia ni mwongo. Akaunganisha moja, akapandisha sauti, na balbu ikaanza kupepesa kama jicho la mtu aliyeingiwa na vumbi. Nikamwambia apandishe tena.

Kazi ya kupaka balbu rangi niliitaka mimi. Rangi yenyewe ilikuwa ya kucha za Zubeda, nyekundu na nyingine ya waridi. Lakini Sudi akampa Inosenti.

Inosenti alikuwa mtoto wa pekee wa jirani yetu, mjane tuliyemwita Mama Inosenti. Kati ya ua wao na wetu palikuwa na uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, wenye uwazi wa kupitisha mtu, na uwazi huo ulikuwa umechongwa na miguu ya Sudi na Inosenti tangu wakiwa wadogo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Halafu ikaja ile kamatakamata ya mwaka wa tisini, watu wakichukuliwa majumbani bila kuambiwa kosa, naye akachukuliwa. Alirudi baada ya miezi, miguu imevimba, kifua kinakorota. Kifuniko cha sufuria kikianguka alikuwa anajikunyata ukutani. Kuimba hakuimba tena.

Kila asubuhi alikuja kuota jua barazani kwetu, na Sudi akamwekea balbu mapajani na kijiti cha kupakia. Mikono yake ilitetemeka. Balbu moja nyekundu aliishika kabla haijakauka, alama ya kidole gumba ikabaki pale. Nilisema imeharibika ipakwe upya, tena niipake mimi. Sudi akaniambia nikamsaidie Mama kuchambua mchele. Nilikwenda nimevimba kwa hasira, nikachambua mchele vibaya makusudi.

Siku ya kujaribu ubao wote, Inosenti ndiye aliyezungusha kitufe cha sauti, akapitiliza. Balbu moja ikawaka mno, ikaungua pu, ukafuka moshi wa ile rangi ya kucha, na Inosenti akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Tangu arudi sikuwa nimemwona akicheka. Sudi naye hakukasirikia balbu yake. Siku hiyohiyo alirekodi kaseti ya harusi, nyimbo na ngoma alizookota kwa marafiki, na mwanzoni kabisa akaweka sauti yake mwenyewe, kwa madaha ya watangazaji: "Haloo, haloo. Ni fundi Sudi wa Muhima. Zubeda, usilie, wanja utaharibika."

Inosenti alifariki Jumanne. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Kwetu Kigali, nyumba ikifiwa jirani anazima redio. Haji mtu kukuambia. Uani kwa mfiwa huwashwa moto, na watu huuzunguka siku zote za kilio, wamshikilie mwenye msiba asizame. Ukienda kwenye kilio unakwenda motoni. Hata usipokuwa na la kusema, unasukuma kuni ndani na kazi yako imefanyika. Lakini mwaka ule kulikuwa na saa ya kufunga njia, giza likiingia hakuna kutembea, na jioni ya kwanza tu askari wa doria walipita wakasema hakuna moto wa nje wala mkusanyiko. Wakasimama hapo mpaka moto ukamwagiwa maji. Watu wakatawanyika kabla ya giza, na Mama Inosenti akabaki na majivu yaliyolowa. Mama yangu alirudi kutoka kule amewaka hasira. Alisema ameona watu wakinyimwa mengi, lakini kunyimwa moto wa kilio hajapata kuona.

Mtauliza kwa nini harusi haikuahirishwa. Siku zile kutoka Kabuga kuja mjini ulitaka karatasi ya ruhusa, na wageni wa bwana harusi walikwishapewa zao, kila moja na tarehe yake. Tarehe ikipita, nani angewapa nyingine? Zubeda alilia kwamba atatolewa nyumbani kama mjane, bila hata kigelegele kimoja. Wanawake wa upande wa pili wangemsimanga maisha yake yote. Baba alimwacha alie, kisha akasema lisilo budi hutendwa: ataolewa Jumamosi, na redio haitalia. Tumekula chumvi na mama yule miaka yote, akasema, hatuwezi kumchezea ngoma masikioni.

Sudi alikuwa amezika rafiki yake wa pekee, na macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Aliingia chumbani na redio, na alipotoka alikuwa amebeba spika mkononi, imeng'olewa, waya zinaning'inia kama utumbo wa kuku. Mama akapiga ukelele kwamba kijana amechanganyikiwa. Sudi akasema, "Muziki utapigwa. Ila hautasikika."

Basi ikawa hivyo. Nikaha ilisomwa kwa sauti ya chini. Chumba cha wanawake kikazibwa madirisha kwa mablanketi, adhuhuri ikawa usiku, ubao wa Sudi ukasimamishwa juu ya kabati la vyombo. Kaseti ikaanza kuzunguka. Balbu zikapepesa kidogo mwanzoni, kisha zikaanza kuruka. Mbili alizokuwa amezifunga kwa kufuatana ziliamka kwenye ngoma kubwa tu. Wanawake walitazamana. Halafu shangazi yetu mmoja, mnene, mwenye mapenzi ya ngoma, akavua viatu, akaanza kutikisa mabega akizifuata taa, na wengine wakamfuata pekupeku. Hakukuwa na sauti ila nyayo sakafuni na pumzi za watu. Kigelegele kikimpanda mtu kooni, anajiziba mdomo kwa kiganja. Zubeda amekaa mkekani, machozi yanachuruzika, na wanja uliharibika vilevile.

Mimi nilinuna. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba nitakaa kando ya redio nigeuze kaseti, niwe mtu mkubwa, sasa nageuza kaseti ya mabubu. Nilimwambia shangazi kwamba hii si harusi, haya ni mazoezi ya wezi. Akanifinya nisisahau.

Kesho yake, jua likianza kushuka, Mama Inosenti alipita kwenye uwazi wa miyenzi. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, kimekazwa kama mtu anayebeba mzigo mzito. Baba akainuka kuanza kujieleza kuhusu harusi. Yeye akamkatiza kwa upole. Alisema hakusikia chochote, na kwa hilo Mungu atulipe. Ila jana, akiwa uani kwake, aliona kwenye upenyo wa blanketi mwanga unacheza. Akamwomba Sudi ampelekee kitu kile ndani kwake. Kisha akatoa kaseti kifuani. Ilikuwa ya kwaya ya Inosenti, waliyoirekodi kabla hajachukuliwa.

Mimi nilibeba waya. Nyumbani mwake mlikuwa na giza na harufu ya majivu. Sudi aliweka ubao juu ya kiti, akatoa na spika mfukoni mwa koti, aanze kuirudishia. Mama Inosenti akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Sauti sitaki. Nataka kumuona tu."

Nilidhani hajaelewa mambo ya ufundi. Nikamweleza, kwa kujiamini kote kwa miaka tisa, kwamba pakiwa na spika atamsikia Inosenti vizuri, maneno yote, kama yuko humu chumbani. Sudi alinikanyaga mguu, nikaendelea. Mama yule aliniangalia bila hasira.

"Wewe uko mtoto bado," akasema. "Baki hivyo hivyo."

Sudi akabonyeza. Kwaya ikaimba bila sauti, balbu zote zikaruka pamoja. Mama Inosenti alikuwa anatembeza midomo. Aliujua wimbo wote. Palipofika mahali fulani, taa zikafifia karibu kuzima, ikabaki ile nyekundu peke yake, yenye alama ya kidole, inatetemeka kidogo kidogo. Kwaya ilikuwa imenyamaza na mtu mmoja alikuwa anaimba.

"Huyo," akasema. "Iko yeye."

Akanyoosha mikono kuelekea ubao, viganja wazi, kama mtu anayeota moto. Sudi akageuka ukutani. Mimi nilitazama mlango na kuwaza chakula.

Jioni zote za kilio zilizobaki Sudi alipeleka ubao kule, na walioweza kupita kwenye miyenzi bila kuonwa na doria waliuzunguka, wakakaa kimya. Nilimwambia Mama kwamba jirani yetu amepata wazimu, anatazama kwaya kwa macho. Zubeda alikwenda Kabuga na kaseti ya harusi yake sandukuni, akisema angalau akaisikie harusi yake akiwa kwa mumewe. Tulicheka kidogo. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka cha mwaka ule.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa nne, mauaji yalipoanza, Sudi alipita kwenye uwazi wa miyenzi kwenda kumchukua Mama Inosenti amlete kwetu, tumfiche. Hakurudi. Naye mama yule hakuonekana. Sisi tulipona, na ubao ulipotea pamoja na nyumba. Kuna methali ya Kiswahili nisiyoipenda, kifo cha wengi harusi. Aliyeitunga hakukaa hapa mwaka ule.

Sasa ndiyo mnaelewa ile harufu dukani. Siku hiyo nilimwambia binti afunge mapema. Nilichukua kile kichupa chake chenye rangi iliyobaki, nikanunua balbu ya tochi, nikapanda basi la Kabuga. Zubeda ni bibi sasa, magoti yanamsumbua. Nilimuuliza kuhusu kaseti, akaniambia ipo, na kwamba tangu ule mwezi hajaisikiliza. Alishawahi kuiweka kwenye redio. Kidole kikagoma kubonyeza.

Nilimjibu kwamba najua. Mimi niliyemfundisha mwenye msiba namna ya kusikiliza vizuri, leo najua. Sauti ya marehemu haina adabu. Inaingia chumbani nzima, changa, inakuita kwa jina, nawe unageuka kumtazama aliyeita. Mama Inosenti alilijua hilo mapema. Alitaka kuwa na mwanawe bila kugeuka.

Nikaipaka balbu rangi, nikaishika kabla haijakauka. Nikafungua redio yake ya zamani, nikang'oa spika, nikaunga waya kama nilivyoona zikiungwa. Zubeda akaweka kaseti, tukakaa mkekani kama mabibi harusi wawili wazee. Nikabonyeza. Balbu ikawaka mara mbili, haloo, haloo, ikatulia, kisha ikaanza kutetemeka. Nikajikuta nimenyoosha mikono.

Zubeda akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ndiyo hapo," akasema. "Hapo ananiambia nisilie."