Nywele za Mahindi

Mke wangu ananichemshia nywele za mahindi kwa ajili ya mawe ya figo, na harufu yake inanirudisha utotoni, Matogoro. Tulikuwa tunalima kwa ujima, leo kwa huyu kesho kwa yule, na siku hiyo ilikuwa zamu ya shamba la baba mkubwa. Baba akaangukia tuta, kashika kiuno, analia, anatapika.

"Mvivu huyo! Mwanaume unalia kama mzazi mwenye uchungu?" baba mkubwa akacheka. "Shamba lako tutaliruka."

Baba akanyanyuka, akauma kola ya shati, akalima mpaka jioni. Na bado wakaliruka.

Mimi niliyeishia darasa la nne nina malori, nina ghorofa Msamala, na hakuna aliyenishika mkono. Jana nimegaagaa sakafuni nikiuma shuka. Baba mkubwa, anayekula kwangu, akanipapasa mgongo.

"Pole, mwanangu. Maumivu haya hayana cha mwanaume. Lia tu."