Vigingi vya Kapu Jipya

Jikoni kwetu hapakunukia chakula peke yake. Juu ya mafiga, kwenye uchaga ambako nyumba nyingine za Tabora zilikausha mahindi ya mbegu, sisi tulikausha vigingi vya mpingo, na moshi ukishavipitia ulikuwa na harufu nzito, tamu kidogo, iliyoingia kwenye nywele, kwenye mablanketi, hata kwenye gauni langu la kanisani. Baba alikuwa fundi wa ukulele. Gitaa hilo dogo la nyuzi nne alilijua vitani, huko Burma, alikopelekwa na Waingereza pamoja na vijana wengi wa Unyamwezi, na aliporudi mzima akaanza kuyachonga mwenyewe. Mwili wa ukulele ulikuwa wa mninga, nyuzi za utumbo wa mbuzi, na vile vijiti vinne vya kichwani, vinavyozungushwa ili kukaza nyuzi, vilikuwa vya mpingo. Hivyo ndivyo vigingi, na ndivyo vilivyoniharibia utoto wangu, au tuseme mimi ndiye niliyeuharibu.

Mpingo uliletwa na Mzee Kasanda, mrina asali aliyeishi porini, kando ya njia ya zamani ya misafara. Alikuja na kibuyu cha asali na mzigo wa vipande vya mpingo, akakaa uani kwetu siku mbili tatu akichonga vigingi kwa kisu kifupi, akiniita "mama" ingawa nilikuwa na miaka kumi tu. Vigingi vibichi aliviweka katika kapu jipya, na kapu hilo halikuguswa mpaka limekaa juu ya moto miaka miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua. Unadondosha kigingi juu ya jiwe la kusagia: kikavu hulia kwa sauti kali, kibichi huguna tu. Kisha unakigusisha shavuni, kwa sababu kibichi kina ubaridi. "Fumba macho, mama," alikuwa akiniambia. "Mpingo mbichi unapendeza mno. Ukiutazama, utauchukua." Baba alinijaribu mara nyingi, akaona sikosei, akaniachia kazi hiyo kabisa. Majirani walikuja kunitazama nikichagua, nami nikavimba kichwa.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa bado zinanyesha, Bwana Nassor mwenye duka kule Gongoni aliagiza ukulele sita kwa mpigo. Baba alizoea kuuza moja moja kwa vijana wa reli. Sasa aliambiwa kwamba hizi zikipendwa, nyingine zitapelekwa Nzega na Mwanza, naye ataacha kuchonga milango na vitanda vya watu. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile. Aliniambia nimchagulie vigingi ishirini na vinne, vizuri kuliko vyote.

Nilikuwa nimevipanga mkekani, vyote vya kapu la zamani, alipokuja Salma, binti wa Bwana Nassor, kutazama kazi. Alikuwa rika langu, ana hina viganjani na viatu vya vifungo. Aliinama, akakunja pua. "Hivi ndivyo mtakavyoviweka? Mbona vina masizi, kama mifupa ya kuku iliyoungua?" Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokiona. Lakini ghafla niliuona uwanja wetu kwa macho yake: majivu, kuku, baba na kaptula yake ya jeshi yenye viraka. Niliwaonea haya watu wangu. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza katika kisa hiki, nayo ndiyo ndogo.

Alipoondoka nilipanda juu ya kinu, nikashusha kapu jipya. Vigingi vilikuwa vyeusi ti, laini, vinang'aa. Sikuvidondosha juu ya jiwe wala sikuvigusisha shavuni. Nilichagua kwa macho, ishirini na vinne, na ili kapu lisionekane limepungua, nikajaza vile vya masizi mahali pake. Baba hakuvikagua, maana aliniamini. Alivipaka chaki ili vishike, akavichomeka kimoja kimoja huku akipiga mluzi.

Mvua zilikwisha, upepo mkavu wa kipupwe ukaanza, na vigingi vikasinyaa ndani ya matundu yake. Nyuzi zililegea katikati ya wimbo, mbele ya wateja. Bwana Nassor alizirudisha zote sita ndani ya gunia, tena kwa upole. "Fundi, sina ugomvi nawe," alisema. "Lakini siwezi kuziweka dukani kwangu." Baba alishusha makapu, akakuta vigingi vya masizi ndani ya kapu jipya. Siku hiyo Mzee Kasanda alikuwapo, anachonga.

"Mzee, umenichanganyia makapu," baba alisema; mimi hakunishuku hata kidogo.

Mzee Kasanda alichukua kigingi kimoja chenye masizi, akakidondosha juu ya jiwe. Kikalia. Akachukua cha pili. Kisha akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni na ungo mkononi, na nilijua kwamba amejua. Alinipa nafasi ya kusema, nafasi ndefu. Mimi nikaanza kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa.

"Labda macho yangu yamechoka, Fundi," akasema mwishowe. "Nisamehe."

Baba alimwambia asilete mpingo tena. Mzee alifunga kisu chake kwenye kitambaa, akachukua kibuyu, na aliponipita akasema kama siku zote, "Kaa salama, mama." Niliendelea kupepeta.

Baada ya hapo baba alirudia milango na vitanda. Mpaka anakufa aliamini kwamba mzee yule ndiye aliyemharibia kazi, na kila alipolisema jambo hilo nilikuwapo, mtu mzima, mke wa mtu, mama wa watoto, nikasema moyoni nitamwambia kesho.

Siku hizi wajukuu wangu wana magitaa ya dukani, yenye skrubu za chuma ambazo hazijui mvua wala kiangazi. Huniletea niwatengenezee sauti, wakisema bibi ana sikio, nami huwaacha wanisifu. Ukulele moja ya zile sita ninayo. Juzi nilichomoa kigingi kimoja, nikafumba macho, nikakidondosha kwenye sakafu ya saruji. Kililia vizuri kabisa. Kilikuwa kinahitaji miaka miwili tu juu ya moto. Mimi nimehitaji maisha mazima, na waliopaswa kunisikia wamekwisha kwenda.

Baba, Mzee Kasanda hakuchanganya makapu. Ni mimi.