Niliwaambia Ijumaa, Nikijua ni Jumatano

Ndugu zangu, nilikosa. Simsingizii shetani wala pombe. Ni wivu tu, wivu wangu mwenyewe, na walioulipia ni watu wasio na hatia.

Mimi ni mtu wa Uru. Huku mlimani vihamba vyetu, mashamba ya ukoo, vimekuwa vidogo. Baba akiwagawia wanawe wakubwa migomba na kahawa, wa mwisho anabaki mikono mitupu. Na chini yetu lilikuwapo shamba kubwa la mlowezi wa Kizungu aliyerudi kwao. Nyasi tupu, miaka na miaka!

Basi tukaungana. Sisi wa Uru, wenzetu wa Kirua Vunjo, na Waislamu wa mjini Moshi, wachukuzi na mafundi wasio na hata shina moja la mgomba. Tulitaka serikali itoe amri kwamba ardhi iliyolala wapewe wasio na ardhi. Si shamba lile tu, mlima wote.

Barua ya maombi niliiandika mimi. Nimesoma misheni, na mwandiko wangu unasifiwa. Nikajua kabisa, atakayesema mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ni mimi. Loo! Wakamchagua Salumu, fundi cherehani wa mtaa wa Mawenzi, mjini!

Mshona suruali! Hata Kichagga chake ni cha kuokoteza. Lakini akianza kusema, watu wote kimya. Akina mama wa Uru wakawa wanamshushia ndizi. Mke wangu mwenyewe, anamenya ndizi jikoni, akasema, "Huyo fundi akieleza shida zetu, utadhani kazaliwa humu ndani."

Siku ile sikula.

Bwana Shauri akakubali kutusikiliza siku ya Jumatano. Salumu akaniambia, "Ndugu yangu, nenda Kirua ukawape habari. Wewe wanakuheshimu."

Nikavuka mabonde kwa miguu. Njia nzima namwona Salumu amesimama mbele ya umati, anashangiliwa! Nikafika kwa Mzee Tesha, kiongozi wa watu wa Kirua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumepewa siku gani?"

"Ijumaa."

Mzee akashangaa. "Ijumaa? Fundi si ataswali?"

"Ni baada ya swala, mzee."

Mungu wangu! Ulimi haukukwama hata kidogo.

Nilitaka Salumu aaibike tu. Nilifikiri tutaitwa tena, na safari hiyo watanisimamisha mimi.

Jumatano, bila watu wa Kirua, tulikuwa wachache mno. Salumu alisema vizuri, tena vizuri sana, lakini Bwana Shauri alitutazama tu, kisha mkalimani akatupa jibu lake: "Barua inasema watu wa mlima mzima. Mimi naona kijiji kimoja na mafundi wachache wa mjini." Shauri likafungwa.

Ijumaa watu wa Kirua wakashuka, wengi ajabu, akina mama na watoto mgongoni, mvua inawanyeshea. Askari wakawarudisha mlangoni kwa Bwana Shauri.

Kesho yake Mzee Tesha alikuja barazani kwa Salumu, fimbo mkononi. Sote tulikuwapo.

"Nani alisema Ijumaa?"

Salumu akaniangalia. Akaniangalia tena. Kisha akasema, "Mzee wangu, kosa ni langu. Huyu ndugu nilimtajia siku vibaya."

Nami nikanyamaza! Walimtukana, ameinamisha kichwa, nami nimenyamaza!

Wakamwondoa, wakaniweka mimi. Haya, nikakipata nilichokitaka. Lakini msemaji wa nani? Kirua walijitoa. Watu wa mjini wakaondoka na fundi wao. Shamba akapewa mlowezi mwingine. Mdogo wangu Aloisi, aliyekuwa akilisubiri kuliko wote, akaenda Tanga kukata mkonge. Mama anamlilia mpaka leo, na mimi ndiye ninayembembeleza.

Nilimwendea Salumu. "Fundi, ulijua. Mbona hukunitaja?"

Hakuacha kushona. "Ningekutaja, Uru na Kirua wangeshikiana mapanga. Tungeungana tena lini?"

Nilitoka pale nikiona afadhali angenipiga. Mpaka sasa Mzee Tesha akikutana naye sokoni hamsalimii. Mimi ananishika mkono, ananiulizia habari za nyumbani! Jina langu silitaji hapa kwa sababu bado naogopa. Huo nao ni uoga, naujua.

Wewe uliye kwenye chama au kamati ya wanyonge, nisikilize. Ukiona mwenzako anashangiliwa na moyo wako unawaka, usikubali kutumwa siku hiyo. Sema unaumwa. Baki nyumbani upalilie kahawa yako. Aende mwingine, hata kama hajui kusoma, ilimradi afike na kuwaambia watu siku ile ile aliyotumwa kuwaambia.