Kona Tatu za Mteremko wa Mtowisa

Mjomba wangu Pankrasi ni katekista. Kwa miaka mingi, kila baada ya Jumapili mbili, ameshuka kutoka kwetu juu Ufipa hadi kigango kimoja cha bondeni, upande wa Mtowisa, akiongoza ibada na kufundisha watoto. Hushuka kwa njia ya miguu inayokata ukingo wa milima, kwa sababu barabara ya magari inazunguka mbali. Mwaka huu goti lake la kulia limegoma. Kupanda linavumilia. Kushuka ndiko kunakolitesa, na wenye magoti mabovu wanajua ninachosema. Paroko alimwambia kwa upole kwamba, kama njia imemshinda, kigango kitapewa mtu mwingine kabla ya mvua kuanza.

Ndipo ikakumbukwa baiskeli. Mgeni mmoja aliyefundisha hapa kwa muda aliiacha parokiani alipoondoka. Ni baiskeli ya milimani, yenye tairi nene, shokapu mbele na nyuma, na mota ya umeme iliyofichwa pale pedeli zinapozungukia. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Sumbawanga, na paroko aliniomba jambo moja: niishushe mwenyewe hadi bondeni, niipandishe, nirudi na neno. Inamfaa mzee, au haimfai.

Mjomba alikuja kibandani kwangu siku moja kabla sijaondoka. Nikamwamkia, akaitikia, akaizunguka baiskeli mara mbili bila kuigusa.

"Oresta," akasema, "usiipendelee kwa ajili yangu."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka mjini, nimevaa koti zito, suruali, na kitenge juu yake. Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama pamba iliyochambuliwa. Nyumba zilitokea mbele yangu moja moja, zikanitazama, zikapotea. Mota haikuwa na sauti isipokuwa mnong'ono mdogo, kama mtu anayehesabu tasbihi kwenye chumba cha pili.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi waliniuliza. Baiskeli hii haikimbii yenyewe kama pikipiki. Ukikanyaga pedeli, mota inahisi nguvu ya mguu wako na kuongeza ya kwake. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuchagua msaada mdogo, wa kati au mkubwa, na kingine cha kuzima kabisa. Ni rahisi kuliko redio. Yeyote anayejua kuendesha baiskeli ataizoea kabla ya chai kupoa.

Saa mbili jua lilipenya, na uwanda ukafunguka pande zote. Mahindi yalikuwa yamevunwa, nyasi zimekauka rangi ya asali, na kwenye nyua wanawake walikuwa wanapura ulezi. Vilima vya Ufipa, ambavyo tangu utoto nimevipanda nikihema, vilipita chini yangu vimelainika. Nilihisi kama ninakumbuka safari badala ya kuisafiri. Kikongwe mmoja aliyekaa mlangoni kwake aliniona nikipanda kilima nimekaa wima, sihemi, akanyanyua mkono taratibu, akausahau hewani.

Saa nne na nusu nilifika ukingoni. Asiyepajua mahali hapa aelewe hivi: nchi yetu inaisha ghafla, kama meza. Ukisimama pembeni, chini yako kuna msitu wa miombo unaoporomoka, halafu bonde, halafu weupe. Siku ile weupe huo ulikuwa moshi wa nyasi zilizochomwa na Ziwa Rukwa pamoja, na sikuweza kusema ziwa linaishia wapi. Ndege walikuwa wanaruka chini ya miguu yangu. Nilikaa juu ya jiwe, nikala kiazi cha kuchoma, nikayatazama hayo kwa muda ambao sikuupima.

Kisha nikaanza kushuka, na hapo hapo nikafanya kosa.

Ni kosa la watu wa juu. Baiskeli zetu ni kuukuu na minyororo yake imelegea, kwa hiyo tangu utotoni tunafundishwa kwamba ukiteremka usiiache miguu ilale, zungusha pedeli polepole, la sivyo mnyororo utaruka. Miguu yangu ilifanya hivyo yenyewe, bila kuniuliza. Mota ikahisi miguu, ikadhani naomba nguvu, ikanipa. Kwenye mteremko wa mawe, nikiwa nimeshika breki, baiskeli ilinisukuma kwa nyuma kama ng'ombe anayetaka kuwa wa kwanza kupita mlangoni. Nakumbuka niliiona kona ikija bila haraka, nikaona jani moja la mwombo, jekundu, likinikaribia usoni. Halafu nikawa nimelala kichakani, kiwiko kinatoka damu, na gurudumu la nyuma linazunguka juu yangu.

"Wafipa, mmeacha kurukia ungo siku hizi?" sauti ikauliza kutoka juu ya njia.

Alikuwa Masanja, Msukuma wa bondeni anayefuga ng'ombe na kulima mpunga. Alikuwa anarudi kwake na baiskeli ya kawaida iliyobeba gunia la viazi vya kwetu. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga tawi bichi, kubwa, linaloburutika chini. Alivuta vumbi refu kama msafara wa arusi.

Nikamwambia ungo uko kwa fundi, na kwamba laiti ningekuwa mchawi ningeanza kwa kumgeuza yeye awe kichuguu. Alicheka, akanivuta, akainua na baiskeli. Uzito wake ulimshangaza.

"Dada, hii ni debe la mahindi na kitu juu. Ukiiangukia, utainuka. Ikikuangukia yenyewe?"

Nikaanza kulifikiria goti la mjomba.

Nilizima mota. Hilo ndilo somo la kwanza kwa yeyote atakayeshuka na baiskeli ya aina hii: zima kabla hujaanza kuteremka, miguu iwe sawa kwenye pedeli, na makalio yarudi nyuma kidogo ya kiti. Breki zake ni za diski, na ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, lakini usizishike mfululizo. Bana, achia, bana, achia, ya mbele na ya nyuma pamoja. Nilipozishika mfululizo kwa kitambo ili kujaribu, nilisikia harufu ya chuma kilichoungua, na breki zikaanza kulegea mkononi. Nikasimama kivulini hadi zilipopoa. Masanja alitaka kuzimwagia maji. Nikamzuia, maana diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi hupinda.

Yeye hakuwa na breki za maana. Tawi ndilo breki yake. Watu wa njia ile wote hushuka hivyo: mzigo nyuma, tawi nyuma ya mzigo, na kila mmoja ana mti anaouamini. Akanikatia la kwangu, akalifunga chini ya kiti kwa kamba ya katani. Kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, yenye kokoto, tawi lilifanya maajabu. Shokapu zilimeza mawe, tawi likanishika shati kwa nyuma, na tukateremka katika miombo ile yenye mwanga wa vipande vipande, yeye mbele na mimi nyuma, joto likipanda kutoka chini kama pumzi ya mtu aliyelala. Nilivua koti. Nikawaza kwamba mjomba angeweza kabisa kukaa hapa nilipokaa. Nilifurahi kiasi kwamba nilianza kuiandika ripoti kichwani.

Karibu saa saba tulifika kwenye kona tatu.

Zinafuatana, kila moja imekaa juu ya nyingine kama ngazi. Njia pale ni jabali tupu, nyembamba, na upande wa nje hakuna kitu. Masanja alifungua tawi lake, akashuka, akaikumbatia baiskeli yake kiunoni na kuiteremsha hatua kwa hatua.

"Hapa hata mbuzi anatumia akili," akasema.

Nilijaribu ya kwanza nikiwa juu ya kiti, kwa sababu ndicho nilichotumwa. Tairi zilishika vizuri. Breki zilishika vizuri. Lakini katikati ya kona baiskeli ilisimama, ikaanza kulala upande, na ilibidi niushushe mguu wa kulia niuzuie uzito wote. Nikauzuia. Mguu wangu ni mzima. Nilibaki pale nimesimama kwa mguu mmoja juu ya jabali, na nikalijua jibu la kumpelekea paroko.

Kona mbili zilizobaki Masanja alishika nyuma, nami nikashika mbele.

Saa tisa tulifika kigangoni. Bonde lilikuwa na joto la kusinzia. Bata, mbwa na watu walikuwa wamegawana vivuli. Mwenyeji wangu, Mama Yustina, ndiye kiongozi wa kwaya pale. Alinipa maji, wali na samaki wa Rukwa, akanifunga kiwiko, na baada ya hapo tu ndipo akauliza kwa nini mzee hakuja. Nilimweleza yote. Aliniuliza kama wanaweza kuletewa mwingine, nikasema ndiyo, kijana, anayejua sana kusoma.

Akafukuza kuku.

"Huyo kijana atatufundisha vizuri," akasema. "Lakini wanangu wawili waliolala pale nyuma ya kanisa, nani atawataja kwa majina bila kuniuliza?"

Halafu akaniambia jambo ambalo mjomba hakuwahi kulitaja nyumbani. Safari yake ya mwisho alishuka kona zile kwa makalio, akajikokota kutwa nzima. Watu wa kigango walikuwa wamepanda kumpokea, kama wanavyompokea mgeni yeyote, njiani. Aliwarudisha wote. Alisema yeye si gunia.

"Kupanda kumpokea si kazi," akasema Mama Yustina. "Tunapanda kufuata kuni, tushindwe kumfuata yeye? Kazi ni akubali kushikwa."

Betri niliichaji kwenye duka lenye umeme, maana vilima vya juu vilikuwa vimeila, ingawa kushuka hakukuila. Nikalala kwa Mama Yustina.

Saa kumi na mbili asubuhi tulianza kupanda. Masanja alikuja, na wanakwaya wanne wakanisindikiza. Kwenye kona tatu waliinua baiskeli wakiimba, kama wanaobeba kitanda kipya. Baada ya hapo nilikaa kitini, nikawasha msaada mkubwa, na mlima mzima ukaniinukia taratibu. Nilipanda nikiwasikia wakicheka chini yangu, sauti zao zikizidi kuwa ndogo. Upepo wa baridi wa kwetu ulipoanza kunigusa shingoni, waliniita kwa mbali kwamba wao wanaishia hapo, wasije wakapata mafua ya Wafipa. Nikabaki peke yangu na mnong'ono wa mota, nusu nikiwa macho. Kwa kupanda sina lawama: hata goti bovu litaupanda ukingo ule.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, nilipita kwa mjomba kabla ya kwenda kwa paroko. Alikuwa amekaa nje, mguu ameuweka juu ya kigoda. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia habari ya kuzima mota, breki, tawi, na ile sehemu iliyonyooka ambako atakaa kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni. Nikamwambia na kona tatu.

"Nikiwa peke yangu?"

"Ukiwa peke yako, haifai, mjomba. Itakuangusha."

"Na nisipokuwa peke yangu?"

"Watu wako tayari. Watapanda hadi kona ya juu kila ukienda. Mama Yustina amesema. Lakini nikimwandikia paroko hivyo, iwe kweli. Usije ukawafukuza tena."

Alijua basi kwamba nimeambiwa. Alitazama goti lake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua fupi mara nyingi. Kuna mahali katika kufundisha ambapo mwalimu anatakiwa akae kimya, na ndipo pagumu kuliko pote.

Akaomba apande. Uani kwake kuna kijiteremko kinachoelekea kisimani, si kirefu. Nilimwonyesha kitufe, akakibonyeza mwenyewe, akahakikisha mota imezimika. Akateremka akibana na kuachia, bila kanzu yake ya ibada, kofia tu na sweta lililotoboka, na uso wake ukawa wa mtu anayeota jambo jema. Nilitembea kando yake bila kugusa chochote. Karibu na kisima njia inapinda, na pale baiskeli ikaanza kulala, upande wa kulia.

Nilisubiri. Yeye ndiye aliyeunyoosha mkono.

"Nishike," akasema.

Nikamshika. Ripoti niliyompelekea paroko jioni ile ilikuwa na sentensi mbili: Inafaa kwa mteremko wote isipokuwa kona tatu. Kwenye kona tatu, mzee anao watu.