Mwaka wa Faustina Katika Benchi la Nyuma

Faustina Kalinga aliuza viazi sokoni Uyole, na Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao wa Kilutheri. Alipopata mimba nje ya ndoa, baraza la wazee lilimtenga: mwaka mzima asishiriki Meza ya Bwana, asiimbe, akae benchi la nyuma. Jina lake lilisomwa mara baada ya matangazo ya ndoa.

Aliupitisha mwaka ule kama mtu anayesinzia. Asubuhi nyingi ukungu ulishuka kutoka milimani hadi mlangoni mwa kanisa, na yeye, tumbo kwanza, kisha mtoto mgongoni, aliusikia wimbo kwa mbali, kana kwamba waimbaji wako ng'ambo ya mto. Midomo yake ilicheza bila sauti. Wakati mwingine hakujua kama yumo ibadani au bado amelala nyumbani. Kitu kimoja tu kilimzindua: besi ya Brayson, baba wa mtoto, aliyeendelea kuimba mstari wa mbele kama kawaida.

Mwaka ukaisha. Mchungaji akamwita mbele, akauliza, "Ndugu zangu, mnampokea dada yetu?"

"Tunampokea," watu wakaitikia.

Bibi Alinanuswe, mmoja wa wazee wa baraza lile, akasimama akiegemea fimbo. "Samahani, Mchungaji. Kwa kosa la wawili tulimhukumu mmoja. Faustina mwanangu, mbona hukumtaja mwenzako?"

"Bibi, hakuna aliyeniuliza."

Mwanga ulipenya madirishani, mweupe kama maziwa, na Faustina aliona nyuso zote zimeinama. Ndipo Brayson akatoka kwenye kwaya, joho lake mkononi.

"Ni mimi," akasema. Akamgeukia Faustina. "Nilijificha nyuma yako. Nisamehe."

"Nitajaribu," Faustina alimjibu. "Leo bado."

Alinanuswe akawaomba wazee wenzake wapige magoti pamoja naye mbele ya Faustina. Wakapiga, mmoja mmoja. Mchungaji alikuwa wa mwisho.

Hawakuoana. Brayson alitumikia mwaka wake wa kutengwa, na kila Jumamosi alikuja kumlea mtoto wao, Happy, Faustina akiwa sokoni. Faustina alirudi kwenye kwaya, lakini Meza ya Bwana aliiacha ipite mara tatu. Mara ya nne alisogea, akapokea mkate polepole, huku Happy mgongoni akimvuta kilemba.