Chumba Kilichokuwa cha Mama

Shuleni walimwita Spika, na jina likamganda. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu. Hata akiomba chumvi mezani ungedhani anasoma taarifa ya habari. Miaka kumi na moja aliimaliza ghalani akiita namba za mizigo, mpaka mchapishaji mmoja akampa kazi ya kusoma vitabu vya kusikilizwa. Alitakiwa arekodi nyumbani, mahali pasipo na mwangwi.

Chumba kilichofaa kilikuwa kimoja tu, cha nyuma, kisichotazama barabara. Kilikuwa cha mama yake.

"Mama, utalala sebuleni," alimwambia. "Kwa muda tu."

"Muda gani, mwanangu?"

Spika alikuwa ameshaanza kupima ukuta.

Alichana magodoro akayagandisha ukutani, akatundika mablanketi mlangoni, akatandika zulia nene. Ukipiga kofi mle ndani, sauti ilikufa papo hapo. Majirani walicheka: jamaa anajifungia kugombana na magodoro. Lakini magodoro huua mwangwi tu. Kelele za nje hayazizuii. Kwa hiyo akatunga sheria. Kitambaa chekundu kikining'inia kwenye kitasa, hakuna kufungua bomba, hakuna kukaanga, hakuna kuburuta kiti.

Tatizo likawa kikohozi cha mama.

"Kifua chako kimeniharibia ukurasa mzima leo!" Spika alifoka. "Huwezi kujizuia? Hata mtoto mchanga hunyamazishwa!"

Mke wake alitazama pembeni. Tangu siku hiyo mama alikohoa ndani ya mto, machozi yakimtoka, na kikizidi alikwenda kukaa uani, liwe jua, iwe mvua.

Asubuhi moja, mke akiwa kazini, Spika alikuwa anasoma sura ya mwisho ya kitabu cha malezi. Mara kikaingia kishindo kutoka bafuni, puu! Akasonya. Akapiga kofi kuweka alama kwenye rekodi palipoharibika, akanywa maji, akairudia sentensi. Ilitoka safi. Akaendelea kusoma kwa saa mbili.

Alipotoka alimkuta mama sakafuni, mguu umepinda vibaya, midomo imekauka.

"Kwa nini hukuniita?"

"Kitambaa kilikuwa mlangoni," mama alisema. "Nikasema nisije nikakuharibia tena."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Dada yake mkubwa alimkuta Spika hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi.

"Hukusikia chochote?"

"Nilisikia. Nikadhani kaangusha ndoo."

"Ndoo nayo ungeinuka ukaiokota," dada alisema. Akaingia wodini bila kumtazama tena. Mama aliporuhusiwa, alikwenda moja kwa moja kwa binti yake.

Kitabu kilisifiwa, na mchapishaji akampa Spika vingine vitatu. Nyumba ilikuwa kimya kama alivyotaka. Kila Ijumaa alipiga simu kumjulia mama hali, dada akapokea.

"Amelala."

Ijumaa iliyofuata, amelala. Na iliyofuata. Spika akamwambia mke wake kwamba dada ana roho mbaya, anamfungia mzazi wake, na kwamba atakwenda kumkabili uso kwa uso.

Ijumaa ya nne, dada alipopokea tu, kabla hajatamka neno, Spika alisikia sauti ya mama kwa nyuma. Haikuwa na hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayeagiza kitu dukani.

"Mwambie nimelala."